Pedi ya Pili

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe situmii, na jambo lenyewe lilitokea saa nane mchana, jua linawaka, mlangoni kwangu pale Igogo. Wala usiniambie nilisimuliwa na mtu. Macho yaliyoona ni haya haya, na masikio ni haya haya. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, halafu ndipo unicheke, kama hamu ya kucheka utakuwa nayo bado.

Kwanza ujue kazi yangu ya wakati ule. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vimechipuka kando ya ziwa, na mimi nilikuwa mpekuzi wa getini katika kimojawapo. Zamu ikiisha watu wanapanga foleni, nawapapasa mmoja mmoja. Nimewahi kukuta mnofu ndani ya buti. Nimekuta ndani ya kofia. Mama mmoja aliufunga mgongoni kwa kanga, ukimwona utadhani kabeba kichanga, na njia nzima anaubembeleza! Kazi ile ikanifundisha kumshuku kila kiumbe, ikanifundisha na tabia nyingine mbaya zaidi: nikaacha kutazama nyuso za watu. Mpekuzi anatazama mikono na mifuko. Shika hapo hapo, maana ndipo nilipoponzeka.

Mke wangu alijifungua mapacha wa kike tukiwa bado kwetu Kisesa. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, kama tunavyowaita sisi Wasukuma. Walifanana mpaka mimi baba yao nilikuwa nawachanganya, hadi Kulwa alipoanguka kwenye jiwe akapata kovu chini ya kidevu. Wakiwa na miaka minne, surua ikamchukua Kulwa. Niliumia, sitaki kusema sana.

Sasa, kwetu pacha hanyimwi. Huyu akipewa gauni, na yule apewe gauni. Huyu kipande cha muhogo, na yule kipande cha muhogo. Mama yangu alisema hata mmoja akifariki bado fungu lake linatengwa, la sivyo aliyebaki ndiye anayesumbuka. Basi mke wangu akimnunulia Doto kandambili alikuwa ananunua jozi mbili, moja anaitia kwenye sanduku. Mimi nikaona huo ni ushamba. Tulipohamia mjini nikapiga marufuku. Hata majirani niliwaambia waniite Baba Doto. Mke wangu hakubishana nami, ila mtu akimwita Mama Doto alikuwa haitiki. Unaita, unaita, amekaa kimya mpaka useme Mama Kulwa.

Doto alipofika miaka kumi akawa wa kwanza darasani. Nilikuwa nimemwahidi zawadi, na yeye hakutaka baiskeli wala nini. Alitaka mashine ya gemu, ile ya kijivu ya kuchomeka kwenye TV. Vitu hivyo vilikuwa vimeanza kuingia, vya mitumba kutoka Dubai, tukawa tunavishangaa tu madukani. Nikaenda naye Mirongo kwa kijana mmoja anaitwa Masalu, muuza redio na TV zilizotumika.

Niliikagua mashine ile kama namkagua mtu wa zamu ya usiku. Nikafungua kifuniko cha juu, nikaona kijicho cha lenzi kinachosoma sidii. Nikaigeuza, nikatafuta skrubu iliyolegea. Mbele ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka pedi, vile vidude vya vitufe unavyoshika mkononi ukicheza, na juu ya kila tundu kuna mwanya wa kuchomeka kadi ndogo inayotunza gemu ulipoishia. Nyuma nyaya tatu: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Na ilikuwa na transfoma yake nzito ya kupunguza umeme, maana ilitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye umeme mdogo kuliko wetu.

"Ni nzima hiyo, bosi," Masalu akasema. "Na pedi zake mbili hizi hapa. Zinatetemeka. Gari likigonga ukuta kwenye gemu, unalisikia mkononi."

"Pedi mbili kwa bei ile ile?"

"Ndivyo inavyokuja. Moja ya huyu, moja ya mwenzake."

Nikashtuka. Mwenzake nani? Kitu cha nyongeza, mtu anakupa huku anacheka, mimi nilikuwa nakiona kina walakini. Nikajiambia huyu anataka kunibambikia kibovu, au kuna kitu kimefichwa ndani. Nikairudisha ile pedi ya pili juu ya meza. "Mtoto ni mmoja," nikamwambia, "hii nyingine baki nayo." Doto alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliitazama ile pedi mpaka tunatoka dukani, shingo imegeuka nyuma.

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili nimetoka kazini, namkuta Doto mkekani anacheza gemu la magari, na skrini imegawanyika mara mbili, gari moja juu na jingine chini. La juu aliliendesha yeye. La chini nalo lilikuwa linakimbia, linakata kona, linagonga, linarudi nyuma. Nikamuuliza, "Hilo la chini anaendesha nani?" Akanijibu, "Tunacheza wote." Wote na nani? Pedi ilikuwa moja, na tundu la pili lilikuwa wazi. Nilipiga magoti nikaingiza ncha ya kidole nihakikishe.

Nikasema aah, ni mashine yenyewe inajiendesha. Lakini kwenye orodha ya majina, ile inayotunzwa na kadi, nikaona majina mawili: DOTO, na chini yake KULWA. Hapo nikakasirika. Nilijua mke wangu amemfundisha mtoto ule ushamba wake. Nikamgombeza. Mke wangu akaniapia kwamba hata kuiwasha mashine ile hajui. Sikumwamini. Nilianza kujificha nyuma ya pazia nimvizie mke wangu mwenyewe ndani ya nyumba yangu, unaona nilipofika?

Siku ya nne nilikuwa zamu ya asubuhi. Saa nane mchana nimekaa ndani karibu na mlango, nakula. Mke wangu alikuwa bombani, Doto hajarudi kutoka shule. Nikasikia mtu mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Ni binti, kimo cha Doto. Alisimama pekupeku juu ya lile jiwe letu la mlangoni, na Igogo ni mawe matupu, saa ile jiwe linaunguza hata mwenye viatu. Jua lilikuwa nyuma yake. Mimi nikatazama nini? Mikono. Ilikuwa mitupu, ameifungua mbele yangu kama watu wangu wa foleni. Nikawaza, mtoto wa jirani huyu, amesikia habari za gemu, ametumwa kuja kuchungulia.

Sikuitikia. Niamini, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, shikamoo ile sikuiitikia. Nikamuuliza, "Unataka nini?"

"Nimefuata ya kwangu."

"Hapa hakuna chako! Nenda kwenu!"

Hakukimbia kama wanavyokimbia watoto. Alishuka jiweni taratibu, akasimama kidogo, kama anayesubiri nimalizie neno. Nikausukuma mlango kwa mguu, nikaendelea na ugali wangu. Hivyo tu.

Jioni ile ile Doto akaanguka. Homa kali, na vidole vimejikunja kama ameshika kitu, haviachii. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakapima kingine, hakuna. Siku tatu mtoto hali, hata uji unamwagikia shingoni. Tayari nilishazika mmoja, na sasa namwona wa pili anaondoka vile vile, macho yanaelea, mdomo umekauka. Sikuwa na ujanja wowote. Nilikaa tu kando ya kitanda nalia.

Mke wangu akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Baba Kulwa, ile mashine ulipewa pedi ngapi?"

"Mbili. Moja niliikataa."

Akashika kichwa. "Uliikataa mbele ya Doto? Umepewa mbili za mapacha, ya mwenzake ukaiacha dukani?" Hakunitukana. Alinitazama tu, na heri angenitukana. Nikavaa shati, nikatoka mbio kwenda Mirongo. Kama ilikuwa ushamba, basi siku ile mimi nilikuwa mshamba wa kwanza.

Masalu akaniona kwa mbali akacheka. "Umefuata ile pedi? Binti yako si ameshaichukua jana?"

"Binti yangu yupi? Wangu yuko kitandani siku ya tatu, hajui hata jina lake!"

Cheko likamwisha. "Bosi, si yule yule uliyekuja naye? Ameniamkia vizuri, nikamwitikia. Akasema, baba alisahau ya kwangu. Nikampa, kwani si yenu? Ila nilimshangaa kitu kimoja, siku ile mlipokuja sikuona kovu." Akagusa chini ya kidevu chake.

Nikakaa juu ya TV mbovu pale mlangoni kwake. Na bado, naona aibu kukwambia, bado moyoni nilikuwa namshuku Masalu. Nikawaza amepanga na mke wangu. Nani alimwambia habari za kovu? Tabia ikishaingia haitoki.

Nilipofika nyumbani mke wangu yuko uani anachochea moto. Nikaingia ndani. TV inawaka. Doto ameketi mkekani, ameegemea ukuta, mwembamba vile, vidole vimekunjuka, ana pedi mkononi. Anacheka. Na upande wa pili wa mkeka, waya wake umechomekwa kwenye tundu la pili, ilikuwepo pedi nyingine. Hakuna aliyeishika. Skrini imegawanyika, magari mawili yanafukuzana. Gari la chini likagonga ukuta, na ile pedi ikatetemeka peke yake pale mkekani. Vitufe vyake vilikuwa vinabonyea. Niliviona vikibonyea na kuinuka!

Mtu mwingine angefanya nini? Angeketi. Angesema neno. Nilijua la kusema, lilikuwa neno moja tu, tangu siku ile mlangoni nilikuwa nadaiwa. Badala yake mimi mpekuzi nikainama, nikainyanyua ile pedi niipekue nione waya wa siri uko wapi.

Gari la chini likasimama. Sehemu ile ya skrini ikazimika, yakatokea maandishi kwamba tundu la pili halina pedi, na wakati huo sikuwa nimechomoa chochote, waya uko pale pale. Pedi ilikuwa ya moto, kama kitu kilichokuwa kwenye mikono ya mtu.

Doto akanitazama. "Baba," akasema, "umemtoa."

Usiku ule niliifungua kwa bisibisi. Nikakuta mota mbili ndogo, kibao cha kijani, raba za vitufe. Vitu vya kawaida kabisa. Niliirudishia, nikaichomeka, nikaiweka pale pale mkekani, nikasubiri. Nilisubiri wiki nzima. Skrini haikugawanyika tena, na jina la chini kwenye kadi lilikuwa limefutika.

Doto alipona, na leo ni mama mwenye watoto wake. Kila anachonunua ananunua viwili, na mimi simuulizi. Mashine ilikufa siku nyingi, lenzi ilichoka ikawa haisomi sidii hata uigeuze mashine nzima chini juu, ila pedi zote mbili ziko kwenye sanduku la mke wangu, pamoja na zile kandambili. Kazi ya getini niliiacha mwezi ule ule. Nilishindwa kuwapapasa watu, kila mikono ikifunguliwa mbele yangu naiona ile mingine.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mtoto akikuamkia, hata humjui, hata unamshuku kakuibia kuku, itikia kwanza. Mtazame usoni. Maswali yako yatasubiri. Mimi ikifika saa nane mchana nauacha mlango wazi, nakaa ukumbini, nasema kwa sauti, "Marahaba, Kulwa. Marahaba, mwanangu." Majirani wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nasema, halafu nalitazama lile jiwe, mpaka kivuli kinalifunika.