Siku Niliyozibua Bomba la Moshi

Acheni niseme mwenyewe kabla dada yangu Kendi hajawasimulia kwa ile sauti yake: mimi ndiye niliyemmwagia masizi baba mkwe wake mtarajiwa, akiwa amesimama sebuleni kwetu, amefumba macho, anaomba. Mkicheka, chekeni polepole, aibu bado mbichi.

Nyumba yetu ya Kensington, hapa Joburg, ni ya zamani na ina meko ukutani sebuleni, lakini tangu tuhamie kutoka Nairobi sijawahi kuona moto mle ndani (Mama huweka humo unga wa ugali, anasema pana ubaridi). Sasa Jumamosi moja ya Desemba, familia ya Serge, mchumba wa Kendi, ilikuwa inakuja kutoka Malvern kujitambulisha, na sote tulijua kila kitu kinamngoja Baba. Baba anafanya kazi benki, hasemi ndiyo mpaka asome kila ukurasa. Alikuwa amesema, "Kijana ni mzuri. Jibu nitatoa nikishawaona watu wake." Kendi hakulala siku mbili, na kutolala kwake kukaambukiza nyumba nzima, hata paka alikuwa anazungukazunguka tu.

Mimi nilipewa kazi moja. "Mwenda," Mama alisema, "toa unga, pangusa meko, weka mapambo ya Krismasi, halafu usiguse kitu kingine."

Nikapangusa, nikatandaza pamba iwe theluji (nje jua linachoma, majirani wako na kaptula, lakini Krismasi bila theluji ya uongo watu hawaiheshimu), nikaning'iniza vitaa na zile nyuzi za kumetameta. Nikarudi nyuma nitazame. Safi kabisa, isipokuwa juu, ndani ya bomba la moshi, palining'inia ncha ya gunia chafu kama ulimi wa mtu anayekudharau. Mtu mwenye akili angeliacha. Mimi nikavuta, kidogo tu, likaja lote, na manyoya ya ndege, na vumbi la watu walioishi humo kabla hatujazaliwa. Nikalikimbiza kwenye pipa la taka Mama asilione, nikaliziba lile tundu kwa kadibodi ya boksi la televisheni na selotepu. Sharp, kazi imekwisha.

Wageni wakafika saa tisa. Serge tunamjua, ila kwa baba yake hatukuwa tumejiandaa. Papa Dieudonné ni Mkongo, fundi cherehani, ana duka pale Jules Street, na alikuja na suti ya rangi ya krimu aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, imenyooka mpaka unaogopa kupumua karibu nayo. Mama Serge akakaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Baba akauliza safari ilikuwaje. Safari ya dakika kumi, lakini wakaijadili yote, mpaka robot ipi, yaani taa za barabarani, iliwasimamisha kwa nyekundu. Kendi anakunja leso, anakunjua, anakunja. Macho yangu nayo yakawa yanakimbilia meko, maana dirishani mbingu ilishageuka rangi, na mtu yeyote wa Joburg anajua alasiri za Desemba zinaishia wapi.

Radi ikapiga, mvua ya mawe ikamwagika juu ya paa, na Baba, kwa heshima zote, akasema, "Papa Serge, kabla ya mazungumzo, tuombee."

Papa Dieudonné akainuka, akatafuta pa kusimama, akapachagua mbele ya meko, mgongo umeielekea kazi yangu. Wote wakafumba macho. Mimi nikafumba moja.

Tone la kwanza likaangukia pamba. Jeusi, kubwa kama kifungo cha koti. "Seigneur, tunakushukuru juu ya hii famille," anasema, na tone la pili hilo. Nikawaza: nikisema neno nimekatiza maombi, na kwetu maombi hayakatizwi hata nyumba ikiungua. Nisiposema, kadibodi haitafika Amina, kwa sababu mzee ndiyo kwanza alikuwa kwa Nuhu. Basi nikaamua (hapa ndipo mngenishika shati) niende kimyakimya niishike kwa mkono mpaka amalize. Nikatambaa nyuma ya kochi, nikapenyeza mkono bombani, nikaigusa. Ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Mkono ukapita.

Sijui niwaelezeeje ile sauti. Ni kama mtu amemimina makaa kutoka ghorofani. Masizi, mawe ya mvua, nusu tofali, vyote vikashuka, vikagonga chini, wingu likatoka na kumpata Papa Dieudonné kuanzia visigino mpaka kola. Hakufungua macho. Alimalizia sentensi yake, akasema "Amina," ndipo akageuka na kunikuta nusu mwili uko ndani ya meko, nyuzi za kumetameta shingoni.

"Huyu njo nani?"

"Ni wangu," Baba akasema, kama mtu anayekiri mbele ya hakimu.

Mama Serge akasimama na mkoba wake. "Papa Serge, turudi nyumbani."

Kendi akafunika uso kwa ile leso. Mama akaomba, akasihi, angalau mgeni abadilishe nguo kwanza, na Baba akamwongoza chumbani. Nilitaka kukaa, kusimama, kutoka, nikakosa hata moja. "Eish, Mwenda," Serge akaninong'oneza, na hayo ndiyo maneno ya huruma niliyopata siku hiyo.

Wakarudi. Papa Dieudonné amevaa suti ya Baba ya kazini, mikono ya koti mifupi kwake, lakini hakuwa anatutazama sisi, alikuwa anaikagua ile suti.

"Papa Kendi, nani alikushonea hii?"

"Nilinunua dukani."

"Ona bega, iko inalala. Sasa siku ya arusi batatupiga foto, mi na weye tumekaa pamoja, na weye uko na hii bega? Mi siwezi kukubali." Akatoa futi ya kupimia. "Simama muzuri."

Neno arusi lilikuwa halijatamkwa na yeyote mpaka hapo. Macho yote yakahamia kwa Baba. Akamtazama Kendi, akaitazama ile futi, akanyoosha mikono pembeni apimwe.

Msidhani nilisamehewa. Mama Serge alimshauri Mama anifunge kamba, na suti ya krimu haikupona. Baba akanihukumu: likizo nzima, wakati wenzangu wanaogelea, mimi napiga pasi Jules Street, na kila mteja akiingia, Papa Dieudonné ananionyesha kwa mkasi. "Huyu njo mwenye alinipaka masizi mbele ya Mungu. Mwenda, elezea."

Ninaelezea, pasi mkononi, na kila mara namalizia kwa kiapo: nikiambiwa nipanguse, nitapangusa, basi. Wateja hucheka mpaka wanashika meza. Papa Dieudonné hacheki. Anaangalia tu kama suruali nimeinyoosha sawasawa.