Harufu ya Chumba cha Babu

Nilikuwa bado mtoto, tukiishi mji wa Baraka, wakati nyumba yetu ilipoanza kunuka udongo. Babu alikuwa amefariki mwanzoni mwa mvua, na kwetu vitu vya marehemu havisogezwi mpaka ndugu wote wakutane kumaliza kilio; anayevisogeza mapema, ilisemekana, humfuata marehemu. Baba mkubwa alikuwa mbali, Lubumbashi. Basi sanduku kubwa la babu likabaki palepale, limeegemea ukuta wa chumba chake.

Mama yake baba, ambaye sote tulimwita Koko, alisema harufu ile ni pumzi ya babu. "Musifungule dirisha," alituonya. "Atatoka mbele ya kilio kuisha, na hatatubariki tena." Nami niliamini kabisa. Kila asubuhi nilipita mlangoni nikimwamkia: "Jambo, Babu."

Shida ilikuwa mdogo wangu Riziki, aliyelala chumba hicho. Alikohoa mpaka mbavu zikamuuma. Akipelekwa kwa shangazi huko Swima, anapona. Akirudi, kifua kinaanza tena kupiga filimbi. Majirani wakanong'ona kwamba babu anamwita kutoka kwenye sanduku lake. Niliogopa sana, maana hata mimi nilianza kusadiki hilo.

Asubuhi moja, mvua imetoka kukatika, Riziki aliamka midomo imebadilika rangi. Mama akamtazama Koko, kwa sababu mke wa mwana hana amri juu ya sanduku la baba mkwe. Koko akaingia chumbani, akasimama mbele ya lile sanduku.

"Muzee," alisema, "mi njo bibi yako, mwenye ulioa, unisikilize. Mutoto anakosa pumuzi. Sanduku tunaitosha hapa kwa ukuta leo. Kama uko na kasirani, ukuje kwangu. Usiende kwa mutoto."

Akalishika yeye wa kwanza. Tukavuta wote. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa, mweusi toka chini hadi usawa wa kiuno changu, umeota manyoya. Maji ya mvua kutoka mabati ya paa yalikuwa yakituama nje, upande uleule.

"Yesu! Njo hii kitu mutoto anapumua?" mama alilia.

Kumbe muda wote ule nilikuwa naamkia kuvu!

Riziki akahamia kitandani kwa Koko. Baba akachimba mfereji nje, akafungua dirisha, akakwangua ukuta, na ulipokauka akaupaka chokaa. Kikohozi kikapungua, kisha kikatusahau. Leo Riziki ana watoto wake, na kwa kelele anatushinda wote.

Nikisimulia habari hii, watu humcheka Koko. Mimi siwezi. Ni kweli imani yake ndiyo iliyofunga dirisha, na nusura tumpoteze mtoto. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua kwamba nyuma kulikuwa na ukuta uliooza tu, na Koko alijua kidogo kuliko wote. Alipolishika lile sanduku, aliamini kwamba anakufa badala ya mjukuu wake, na bado akalivuta.