Mbegu ya Uchagani

Enzi zetu pale Gede, mahindi ya mbegu yalikuwa na heshima kuliko mgeni. Mama aliyachagua mwenyewe yangali shambani, yale yaliyojaa punje hadi nchani, akayafunga kwa maganda yake na kuyapanga uchagani, juu ya meko. Huko yalikula moshi miezi na miezi hata yakawa meusi kama sufuria ya kuni, na wadudu hawakuthubutu kuyasogelea. Sisi watoto tuliyatazama kwa macho tu. Njaa ikibana tulikula mihogo, mchicha, maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, lakini ya uchagani, thubutu! Mama alikuwa akisema anayekula mbegu amekula watoto wake, na ilitosha.

Masika ikikaribia aliyateremsha, akayapukuchua, kisha akatia punje moja kinywani akaitafuna taratibu, macho kayafumba. Ikilia vizuri kwenye meno, basi mbegu nzima, twende shamba. Yeye mbele na jembe, sisi nyuma na vibuyu, punje tatu tatu kila shimo, kunde katikati, tukifukia kwa vidole vya miguu na kugombana nani kaacha shimo wazi. Mchanga ule ulikuwa na joto, hadi leo nausikia nyayoni. Hakuna aliyetuambia mvua itakuja lini. Vijana wa siku hizi huiuliza simu kama itanyesha, nao wamesimama uani wanalowa.

Lakini nani mimi niwacheke? Aliyeimaliza mbegu ile ni mimi.

Macho ya Mama yalipokufa, shamba likabaki mikononi mwangu. Nikaenda mafunzo ya kilimo cha kisasa, nikarudi kichwa kimevimba: kupanda kwa kamba, mbolea ya gunia, mbegu ya pakiti. Yale mahindi meusi niliyaona ni ushamba. Nikayateremsha, nikawamwagia kuku. Naona haya hata kuyaandika haya. Mwaka ule nilivuna hadi nikakosa pa kuweka, nisiseme uongo. Mwaka wa pili nikajitia mjuzi, nikatoa mbegu kwenye mavuno yale yale nikaipandisha kwenye moshi kama Mama. Yakaota mengine marefu, mengine mafupi, mengi vibunzi vitupu; mbegu ya pakiti hairudiwi kupandwa. Nikazunguka kwa majirani kuomba ya zamani. Kumbe wao nao walikuwa wakitegemea uchaga wetu. Tangu hapo kila masika ni dukani.

Mama sikumwambia. Kila msimu alinyoosha kiganja apewe punje yake ya kutafuna kabla hatujapanda, nami nikampa mahindi ya sokoni, ya kupikia. Alitafuna, akameza. Nikadhani nimemweza.

Masika hii nilikuwa na haraka, pakiti nimekwisha kuipasua. Aliponyoosha kiganja nikamwekea punje ya pakiti bila kufikiri. Ikawa inakwenda kinywani. Nikamkamata mkono.

"Usiile, Mama. Ina dawa, ni sumu."

"Mbegu gani hiyo, mwanangu, mtu hawezi kuitafuna?"

Nikamweleza yote, hadi habari ya kuku. Alisikiliza akiigeuza punje vidoleni. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba alijua tangu msimu wa kwanza, maana mahindi ya sokoni hayana moshi. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe. Ningalipigwa kwa mwiko kama zamani, ningalisikia nafuu.

Nilileta maji na sabuni nikamwosha. Zamani viganja vile vilinuka moshi msimu mzima, nasi tukivinusa tulijua mwakani tutakula. Sasa rangi nyekundu ya dawa ilikuwa imeingia kwenye mistari yake, nasugua haitoki. Akaniuliza kama imetoka. Yeye haoni, na ulimi wangu ulikwisha kuzoea kumdanganya.

"Bado, Mama," nikasema.

Akaninyooshea kiganja tena.