Mishono ya Mibuni

Kazini walimwita Mwewe, kwa kuwa mshahara wake ulitoka angani. Kutwa alikaa mbele ya kompyuta akiutazama msitu kwa picha za setilaiti. Usidhani alikuwa akihesabu miti mirefu. Hiyo hata mimi na darasa langu la saba ningeihesabu, tena kwa jicho moja. Kazi yake ilikuwa vichaka, yale majani ya chini yanayoishi kwenye kivuli cha wakubwa kama wapangaji wasiolipa kodi. Miti ikiwa imevaa, setilaiti haiwaoni. Basi Mwewe alisubiri kiangazi, miti mirefu ipukutishe majani ibaki uchi, ndipo kilichobaki kibichi chini kijitokeze. Jani bichi lina mwanga linaourudisha juu, mtu hauoni ila chombo kinauona, na kwenye picha zake ulitokea mwekundu. Usiniulize kwa nini kijani kiwe chekundu. Wasomi ndivyo walivyopenda.

Kiangazi hicho aliona mstari.

Vidoti vyekundu vilifuatana kama mishono ya fundi cherehani. Vilianzia ukingoni mwa mji, vikaingia msituni mpaka kwenye majabali, vikageuka, vikawa vinarudi.

"Nyani hao," alisema mkuu wa idara, mdomo umejaa mkate. "Wanakula matunda, wanasambaza mbegu."

"Nyani wanatembea kwa mstari, bosi?"

"Labda wa serikali. Wamepewa ratiba."

Mwewe alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Alizipanga picha za miaka ya nyuma. Mishono ya kwenda ilikuwapo zamani. Ya kurudi haikuwapo. Kila kiangazi iliongezeka michache, kila mara karibu zaidi na mji. Akaukuza mwanzo wa mstari. Mshono wa kwanza ulikuwa nyuma ya ua wa mama yake, hatua chache kutoka jikoni.

Hapo kuna habari ya baba yake. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa maneno machache na mate mengi. Nyuma ya jiko palikuwa na mbuni mmoja, mti wa kahawa, na buni zikiiva alijaza mfuko wa koti, akaingia msituni akizimung'unya. Utamu wa ganda anaumeza, mbegu anaitema: ptu! Mkewe alikuwa akimwambia, "Mume wangu, ukipotea tutakufuata kwa mate." Siku moja alitokea mlango wa nyuma, mfuko umejaa, na hakurudi. Watu walimtafuta mpaka wakachoka. Mama peke yake hakuchoka. Tangu siku ile mlango wa nyuma haukufungwa kwa komeo, usiku wala mchana.

Kaka yake Mwewe alikuwa ameagiza mlango wa chuma. "Mwizi hamjui marehemu," alisema. Mama alimkabili bintiye kwa macho tu, na Mwewe akaapa: "Mlango huu haufungwi nikiwa hai."

Kiapo kizuri. Tatizo ni kwamba alikila kabla ya kuona mishono.

Picha ya angani haiaminiwi mpaka ikakaguliwe kwa miguu, kwa hiyo alikwenda na askari wa msitu. Mibuni ilikuwapo kweli, imewapita kimo, mmoja mmoja chini ya miti mikavu. Kwenye majabali hapakuwa na mfupa wala kitambaa. Wakaufuata mstari wa kurudi. Mibuni ikashuka ikawa ya kiunoni, kisha ya magotini, kisha miche yenye majani mawili tu, mabichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mbele yao, katikati ya matawi matupu, lilionekana bati la jiko la mama.

Juu ya jani kavu palikuwa na mbegu ya buni. Mwewe akaigusa. Ilikuwa na ute. Ilikuwa bado na uvuguvugu.

"Nyani," alisema, sauti si yake.

Askari alikuwa ameshageuka. "Dada, nyani mimi nawajua. Tuondoke."

Nyumbani alimkuta kaka na fundi wa kuchomelea wanamalizia mlango. Kaka alijiandaa kwa ugomvi, kifua mbele.

"Komeo linasukumika vizuri?" Mwewe aliuliza.

Kaka alibaki mdomo wazi kama mlango wenyewe. Kwa kuogopa asije akabadili nia, alimlipa fundi, wakaondoka.

Mwewe akamweleza mama yake yote, toka picha mpaka ute. Kisha: "Mama, hizi buni za nyuma ya jiko nani anazichuma?"

"Mimi? Nizile kwa meno gani?"

"Basi nani?"

"Kila zikiiva, nikiamka nakuta matawi matupu. Ningekuambia, ungeniita kichaa."

"Mama, na kama si baba? Kama ni kitu tu kimejifunza njia yake?"

Mama aliendelea kuchambua mchele. "Funga basi, mwanangu. Komeo hilo hapo. Lakini akibisha, wewe ndiye utakayemjibu. Mimi sina uso wa kumwambia mume wangu kwamba kwake si kwake."

Mwewe alilisukuma komeo mpaka mwisho. Jua lilikuwa linawaka, watoto wa jirani wanacheza mpira, mchana mweupe kabisa. Na nje, upande wa mbuni, kitu kikatema.

Ptu!

Mama aliweka ungo chini. Akajifunga mtandio vizuri, kama msichana aliyeambiwa wageni wamefika. Alimtazama bintiye tu, yeye na komeo lake.

Mwewe akalivuta likafunguka. Akaenda kuketi karibu na mama yake, akafumba macho.

Mlango ule wa chuma upo mpaka leo, na komeo limeota kutu likiwa wazi. Ukimuuliza Mwewe aliona nini, atakuambia alikuwa amefumba macho. Ila picha za kiangazi kilichofuata hazikuwa na mshono mpya hata mmoja. Na nyuma ya jiko, mwaka ule, buni ziliiva, zikakauka, zikaanguka zenyewe.