Daktari wa Koo

Kila mgonjwa aliyeingia chumbani kwa mama huyu daktari pale Machakos alipokelewa kwa swali moja: "Jana ulikula nini?" Nzioka, mkulima wa Kithimani, alijibu kwa aibu, "Ni uji tu, daktari. Hata ugali inakwama hapa." Nyumbani walishaanza kunong'ona, wengine saratani, wengine kurogwa. Yule mama hakumwambia asiogope. Alimpitisha mpira wenye taa kooni, akatazama, akachukua kinyama cha kupima. Majibu yaliporudi alisema kwa sauti yake nzito, kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, "Si saratani. Kiungulia ulichovumilia miaka hii yote kimeacha kovu, na kovu limebana njia. Tutaitanua polepole. Ikibana tena utarudi, tutaitanua tena." Kwa mikono yake mipana akaipanga mirija ya kutanulia mezani, kuanzia mwembamba hadi mnene, akiugusa kila mmoja kwa kidole.

Baada ya koo kutanuliwa mara ya pili, daktari alimwambia Nzioka aje na chakula. Mkewe, Wayua, akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, hadi yakalainika kabisa. Daktari akavuta kiti, akaketi mbele ya Nzioka. "Kula. Tafuna sana." Nzioka akatafuna, akasita, jasho likimtoka. Ndipo alipoona midomo ya daktari nayo inatafuna, tupu, kama ya mama anayelisha mtoto. Nzioka akameza. Koo la daktari nalo likapanda, likashuka.

"Imepita?" akauliza, karibu kwa kunong'ona.

"Imepita," akasema Nzioka, akachota kijiko kingine kabla hajaambiwa.