Vidole vya Fundi

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Pindo, kwa kuwa nguo aliyoikunja yeye haifumuki hata uifue miaka mitano. Mwaka jana kikohozi kilimganda, na hospitali ikasema ni saratani ya mapafu, mtu ambaye hajawahi kuvuta hata sigara moja. Walipopima kipande cha uvimbe wakakuta kasoro kwenye vinasaba. Daktari akatueleza kwamba viko vidonge vipya vinavyoilenga kasoro hiyo hasa, ila bado vinajaribiwa, na kwanza wanatafuta mwili wa mtu unavumilia kiasi gani. Watu watatu wangeanza na dozi ndogo. Wakivumilia, watatu wengine wangepewa mara mbili yake. Pindo aliingia kwenye watatu wa mwanzo.

Wiki ya tatu alipanda ngazi za nyumbani kwake bila kupumzika. Nilimshukuru Mungu palepale, nimeshika ukuta.

Wiki ya tano vidole vikavimba pembeni ya kucha, vikapasuka, vikatoa usaha. Vya miguuni pia.

"Usiseme, dada," akaniambia. "Wataninyang'anya dawa. Na mimi sasa napumua."

Siku ya kliniki nesi alimshika mkono, akaugeuza. "Vidole vimepatwa na nini, fundi?"

"Sindano, mama. Na pasi. Kwetu sisi, ukiwashonea watu, na wewe unashonwa."

Nesi akacheka, akaandika. Nami nilikuwa nimekaa pale, nikaitazama kalamu ikitembea, mdomo wangu umefungwa kama wa mwizi.

Tulipotoka, kwenye benchi la nje palikuwa na mama mmoja mwembamba, muuza mboga. Alimwamkia Pindo shikamoo, kisha akamuuliza, "Kaka, wewe ndiye wa kundi la kwanza? Mimi naanza Jumatatu, dozi kubwa. Vipi, vinasumbua?"

Pindo aliingiza mikono mfukoni. "Havina neno."

"Alhamdulillahi. Nina mtoto ananyonya chupa kwa bibi yake, sina nafasi ya kulala kitandani."

Tulifika hadi getini. Nikasimama.

"Mdogo wangu, yule atameza mara mbili yako kwa neno lako."

"Na wakinitoa?"

"Sijui."

"Hujui, halafu unataka niseme. Mwenye mapafu ni mimi, dada, siyo wewe."

Kweli hiyo. Nilikuwa nimeomba siku nyingi Mungu anionyeshe njia, na pale getini sikuonyeshwa kitu. "Nikisema mimi nitakuwa nimekuuza," nikamwambia. "Tukinyamaza, tumemuuza yule mama. Chagua wewe. Mimi nakusubiri hapa."

Alitazama barabara. Kisha akageuka kurudi kliniki, nami nikamfuata.

Ndani alikaa, akavua viatu na soksi. Nesi akainama.

"Na huku napo unashona, fundi?"

"Hapana, mama. Nilikudanganya. Ni vidonge, tangu wiki mbili zilizopita."

Safari hii nesi hakucheka. Alimwita daktari, daktari akachukua kopo la vidonge, akaliweka upande wake wa meza. Tulilitazama wote.

"Unasimamisha vidonge wiki mbili," alisema. "Vikipona, tunaweza kukurudishia kwa dozi ndogo. Visipopona, siwezi kukuahidi. Na hilo kundi la Jumatatu litangoja. Ungetuambia mapema, fundi. Ndiyo kazi tuliyokuomba uifanye."

Nje, muuza mboga alikuwa ameshaambiwa. "Mbona wameniahirishia?" akauliza, macho yamejaa. "Nimekosa nini?"

Pindo alikaa karibu naye, akatoa mikono mfukoni, akaiweka mapajani ili aione vizuri. "Hujakosa wewe," akasema. "Nilikudanganya. Tazama."

Leo ni siku ya nne. Vidole vimeanza kukauka. Kikohozi nacho kimerudi, na asubuhi alipumzika mara mbili kwenye ngazi. Zimebaki siku kumi.