Hoteli ya Vyumba Vinane na Kalamu ya Baba

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kila mwenye kiwanja aliota hoteli. Mimi nilikuwa mchora vibao, na kazi zilinijia mpaka nikaingiwa na maringo. Nilichora vinyozi, maduka ya simu na baa. Hizo baa ndizo zilizoniponza nyumbani.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mkono wangu aliufundisha yeye, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, tangu sijang'oka meno ya utoto. Nilipochora chupa ya bia ya kwanza ukutani hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alianza tu kupita njia ya nyuma, yenye matope, asikutane na kazi zangu. Mji mzima ulinisifu, lakini mimi nilitaka kitu kimoja tu: baba asimame mbele ya kibao changu, japo dakika moja.

Siku moja akaniita mama mmoja wa Kimakonde, aliyeshuka kutoka Mueda na kujenga vyumba vinane nyuma ya soko. Mkononi alikuwa na jalada la jarida lililosahauliwa na mgeni.

"Mestre," akasema, yaani fundi, akigusa herufi za jalada, "nataka HOTEL, kwa letra hizi hizi. Ukishindwa sema mapema, niagize lona, turubai la kuchapwa na mashine, kule mjini Pemba."

Nililichukua lile jalada nikalitazama. Nguzo za herufi zilikuwa nene, nyeusi, zimesimama wima bila wasiwasi. Kisha, kutoka kwenye unene ule, ghafla ulitoka mstari mwembamba kama unywele, ukavuka hadi nguzo ya pili, wala haukukatika. Miguuni palikuwa na vikanyagio vyembamba vilevile, vimenyooka. O ilinenepa mbavuni, ikakonda juu na chini hata nikahofu itaachana. Nilizoea kuziona herufi za Kireno kwenye risiti na karatasi za polisi, nikadhani kazi yake ni hiyo tu. Kumbe zilikuwa na uzuri wa kumfunga mtu mdomo!

Nilirudi nyumbani na lile jalada, sikupima, sikufuatisha. Mtu mwenye mkono wake afuatishe nini? Nikachonga tete, nikaandika neno kwenye karatasi kubwa, nikalihamishia kwenye ubao na kulipaka rangi siku hiyohiyo. Yule mama alipoliona alicheka hadi akashika ukuta.

"Mestre, mbona letra zako zimelala?"

Ilikuwa kweli. H yangu ilikuwa na miguu ya korongo na mkanda mnene kiunoni. T ilibeba gogo kichwani. Nilikuwa nimefuata nilivyofunzwa: katika hati ya Kiarabu ya chuoni kwetu, mstari unaolala ndio unaonenepa, na unaosimama hukonda. Macho yaliona hivi, mkono ukaandika vile, na mimi kwa kiburi changu sikugundua. Mama akanipa mpaka Ijumaa.

Siku mbili nilihangaika barazani. Kila nilipojaribu, mkono ulirudi kwao. Alasiri ya pili baba alitoka msikitini, akaona jalada juu ya mkeka, akaliokota. Herufi zile hakuzijua hata moja. Alilisogeza karibu na macho.

"Nani kaandika hii?"

"Mashine, baba."

"Mashine ilifundishwa na mtu. Huyu mtu ana adabu." Akapitisha ukucha juu ya H. "Tazama. Akishuka, anashuka na uso wote wa kalamu. Akienda pembeni, anapita na makali tu. Wewe kalamu yako umeikata mshazari, ndiyo maana inakugomea."

Akakaa chini na kanzu yake nyeupe, akachukua kisu, akanikatia tete mpya, ncha imenyooka sawasawa. Akanishika kifundo cha mkono, kama zamani, akakigeuza kidogo. Nikavuta mstari chini, ukatoka mnene. Nikavuta pembeni, ukatoka unywele. Ni kalamu ileile moja! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Ijumaa kibao kilitundikwa. Watu walipotoka kuswali, baba hakupita njia ya nyuma. Alisimama chini ya kibao, mikono mgongoni, na watu wakampita kushoto na kulia. Hakusifu. Alinigeukia akauliza, kwa sauti ya chini, "Na jina langu mimi, kwa hizi, linakuwaje?"

Baba alikuwa amenakili Msahafu mzima kwa mkono, mara mbili. Lakini kwenye kitambulisho chake, mahali pa saini, palikuwa na alama ya dole gumba na maneno kwamba mwenye kadi hajui kuandika.

Nilimwandikia jina lake barazani. Alilitazama sana, kisha akaitwaa kalamu mkononi mwangu, akavuta karatasi safi na kuanza upande wa kulia, kama alivyozoea, kwa herufi ya mwisho. Nilitaka kumzuia, nikajizuia mwenyewe. Akarudi nyuma herufi moja moja, nene, unywele, nene, mpaka ile ya kwanza. Jina lilikuwa limekamilika, kila herufi mahali pake, na lilikuwa zuri kuliko nililomwandikia mimi.